Pikapu Yenye Injini Nyingine

Mtu ana pikapu ya zamani. Bodi bado ni nzima, lakini injini imekufa na giaboksi inaruka gia. Gari jipya hawezi kulinunua. Basi hapa Kalemie hufanya kama wengi wafanyavyo: hutafuta gari lililopinduka, hununua injini yake na giaboksi yake, na fundi huvifunga katika pikapu. Je, gari lile bado ni lile lile? Na siku akitaka kuliuza, yampasa kumwambia nini mnunuzi?

Swali la kwanza watu hulipenda kwa mabishano, nasi tutalijibu upesi. Ziwa letu la Tanganyika lina meli iitwayo Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, wakiisha kuipaka mitambo yake mafuta mazito isioze. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke zilitolewa, zikatiwa za dizeli. Tangu hapo hatujasikia mtu wa ziwani akisema kwamba si Liemba. Kubadili injini, basi, si udanganyifu, wala kukosa fedha si dhambi. Tena fundi mwenye akili huokoa fedha kwa haki: akitwaa injini na giaboksi kutoka gari moja, klachi na vishikio vyake hupatana, na kazi ya kukata na kuchomelea hupungua.

Swali la pili ndilo zito. Kubana matumizi ni halali, lakini tuulize ni nani atakayelipa kile kilichobanwa. Rangi isipopakwa, mwenye aibu ni mwenye gari tu. Lakini tazama jambo hili. Injini ya petroli huvuta hewa, na mvuto ule husaidia mguu wa dereva kukanyaga breki. Ya dizeli haina mvuto wa kutosha. Huhitaji pampu ndogo ya kunyonya hewa, na katika injini nyingi hufungwa nyuma ya dainamo. Mtu atoaye petroli na kutia dizeli, akakuta dainamo imekwisha kuuzwa, hutia nyingine yoyote isiyo na pampu. Gari huwaka. Huenda vizuri, na mahali pa tambarare husimama. Likishuka mlima wa njia ya Moba na mzigo mzito, breki huwa ngumu kama jiwe. Aliyeokoa fedha ni mmoja. Walioketi juu ya magunia hawakuulizwa.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, karne ya 13, hakujua magari, lakini alijua farasi. Katika Summa yake afundisha kwamba farasi mwenye jicho moja aweza kuuzwa bila maneno, maana kasoro yaonekana, mradi bei ipunguzwe ipasavyo. Lakini kasoro iliyofichika, iletayo hasara au hatari, muuzaji yampasa kuisema.

Wengine watajibu: mnunuzi ana macho, afunue boneti. Kweli, injini ya kigeni ataiona; lakini pampu isiyokuwapo nani ataiona, kama si fundi? Wengine watasema: nilimpunguzia bei. Vema, lakini abiria alipunguziwa nini? Yeye hakuwapo wakati wa kupatana, naye ndiye awekaye mwili wake juu ya breki hizo.

Na yule aliyekwisha kuuza akanyamaza? Twaona kwamba deni lake halikuisha siku ile alipopokea fedha. Gari bado liko njiani. Amtafute mnunuzi juma hili, amwambie habari ya pampu, na kama anayo nafasi, achangie kuinunua.