Wakabidhini Saiti

Ndugu zangu, fungueni kitabu cha Nehemia, sura ya 3. Wengi huiruka kwa sababu ni orodha ndefu ya majina: huyu alijenga lango hili, yule akatia makomeo lango lile. Msiiruke! Katika mstari wa 12 yumo Shalumu, akida wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, akitengeneza ukuta wa Yerusalemu pamoja na binti zake. Binti zake, nasema. Kisha nendeni Mambo ya Nyakati wa Kwanza, sura ya 7, mkutane na Sheera, mwanamke aliyejenga Beth-horoni ya chini na ya juu. Nanyi ndugu zangu Waislamu mnaonisoma mnamjua Zubeda, mke wa khalifa Harun al-Rashid, aliyetoa mali yake visima na mabirika yakajengwa kwenye njia ya mahujaji kutoka Kufa hadi Makka, yapata miaka 1,200 iliyopita. Sasa niambieni, mnaosema saiti si mahali pa mwanamke mmesoma andiko gani?

Maana yuko saiti! Nendeni popote Dar es Salaam ghorofa linapopanda. Siku ya kumwaga zege, nani kajitwisha ndoo? Nani kainama chini ya turubai anawapakulia mafundi ugali na maharage? Kule Kunduchi, anayegonga kokoto juani na mtoto mgongoni ni nani? Kwenye ndoo na kokoto hamjawahi kulalamika kwamba kazi ni nzito. Uzito mnaanza kuuona anaposhika mchoro. Hapo ndipo mnapokumbuka kwamba yeye ni mama, kwamba jua litamchoma, kwamba mafundi wana maneno machafu. Huo ni unafiki, na nitauita hivyo hivyo.

Kusimamia ujenzi kunataka nini? Kunataka mtu anayehesabu nondo kabla hazijafunikwa. Mtu anayemzuia fundi asiongeze maji kwenye zege eti lishuke kwa urahisi. Mtu anayejua kwamba saruji ikichelewa Jumanne, mafundi wa Jumatano watalipwa kwa kukaa kivulini. Anayekataa kusaini hati ya malipo ya kazi ambayo haijafanyika, hata mkubwa akipiga simu. Kumwambia mwanamume mzima, “Bomoa, urudie,” kunahitaji misuli gani?

Kuwavuta wasichana chuoni sitakuongelea sana. Wazazi, msimwondoe binti kwenye fizikia akiwa kidato cha pili kwa kuwa shangazi kasema hatapata mume, hilo limetosha. Wanaokwenda Chuo Kikuu Ardhi, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vyuo vya Mbeya wapo, na siku ya mahafali tunapiga vigelegele mpaka sauti zinakauka. Kilio changu kinaanzia baada ya vigelegele. Zege likishamwagwa, fundi mwenye akili halipi kisogo. Analimwagilia siku baada ya siku, maana likiachwa likauke lenyewe litapasuka hata kama mchanganyo ulikuwa sahihi. Nasi tunamwaga wahitimu, halafu tunakwenda nyumbani!

Mtazameni binti huyo katika wiki yake ya kwanza. Kofia inacheza kichwani, buti ni za mwanamume wa futi sita. Choo ni kimoja, mabati matatu na gunia badala ya mlango, wanaume sitini wanakitumia. Basi anaacha kunywa maji tangu asubuhi, kwenye joto la Februari. Mleta mchanga anafika, anampita akiwa na mchoro mkononi na kumuuliza kibarua, “Bosi yuko wapi?” Kwenye kikao cha saiti wanatafuta wa kuandika muhtasari, macho yote kwake: una mwandiko mzuri, dada. Anaandika. Mwezi unaofuata anaandika tena. Mwaka ukiisha anajua kuandika vikao vya watu wengine, na mwenzake wa kiume waliyehitimu naye amekwisha kukabidhiwa jengo. Akiondoka tunasema ndoa imemtoa.

Ndoa haikumtoa! Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua mapacha, na akirudi anapewa hadi saa mbili za kunyonyesha kwa siku. Wakandarasi, mnaijua. Lakini mkataba wake mnaufungia kwenye mradi, na mradi unaisha tumbo likianza kuonekana. Ajabu ya miradi hiyo!

Heshima kwa waliotenda. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianzisha mwaka 2003 mpango wa kuwalea wahitimu kwa vitendo chini ya wahandisi wazoefu, na baadaye Norway ikagharimia nafasi za wanawake. Malezi ya namna hiyo ndiyo kumwagilia. Mbona kampuni zetu zisubiri Wanorwe wawalelee binti zetu?

Nawe binti, nakusihi: ukipewa dawati lenye feni wakati slabu inamwagwa, omba buti. Kataa kwa adabu kuwa mwandishi wa kudumu. Ninyi dada mliokwisha kupata muhuri wa mhandisi, msiseme “sisi tuliteseka, nao wateseke”. Mchukue mmoja, panda naye jukwaani, mwonyeshe unavyobishana na fomeni bila kupaza sauti.

Na ninyi wakandarasi, neno la mwisho ni lenu. Sheria imetenga asilimia 30 ya ununuzi wa umma kwa makundi maalumu, wanawake wakiwamo, na baadhi yenu mmesajili kampuni kwa majina ya wake zenu huku muhuri mkiushika wenyewe. Mnajaza vyeti vya mabinti kwenye orodha ya wataalamu ili mpate alama, na kazi ikishapatikana hawaonekani tena. Tubuni! Jina uliloliweka kwenye zabuni lipeleke saiti. Mwandikie barua ya kumkabidhi jengo, yenye mamlaka ya kusimamisha kazi, nakala kwa mteja, kwa mshauri na kwa fomeni. Uisaini kabla ya Jumatatu.