Nyumba Bila Ardhi

Bamburi ya Mombasa imekaa juu ya viumbe waliokufa. Chini ya barabara ya Malindi, chini ya vibanda vya viazi karai vya Mtambo na misikiti ya Kiembeni, kuna mwamba wa matumbawe: vidudu vya baharini visivyo na idadi, vilivyoishi vikishikana, vikafa vikishikana, kisha bahari ikarudi nyuma na kuviacha nchi kavu. Tangu 1954 kiwanda cha simiti kinauchimba mwamba huo, kinausaga na kuuchoma. Yuko mtu bara huko anayeegemea ukuta wake jioni, akiamini ameegemea kitu kigumu, kumbe ameegemea bahari ya kale ya kwetu.

Kinachonishughulisha ni kwamba hapa panapotoka kitu cha kudumu hivyo, watu wengi wanaishi kama wageni. Mombasa tuna desturi ya zamani ya nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, mabati ni yako, mlango umeuchagua mwenyewe kwa fundi. Kiwanja ni cha mwingine, nawe unamlipa kodi ya kukikalia. Huku Kisauni wapo ambao huyo mwenye hati hawajawahi hata kumwona kwa sura. Humjua siku tingatinga linapokuja.

Sitaki kulipamba hili kwa maneno ya dini. Dhuluma ni dhuluma, na kumwambia mtu avumilie kwa sababu dunia ni mapito ni rahisi sana kwa mwenye hatimiliki kabatini. Lakini nikimaliza kukasirika, swali hubaki pale pale. Ni nani kati yetu aliye na zaidi ya nyumba bila ardhi? Pumzi tumepewa, watoto tumeazimwa, na mwili huu tunaouosha na kuupaka mafuta una mwenyewe atakayeudai bila kutuma notisi. Mambo haya wengine tunayasikia Ijumaa au Jumapili, tukitoka nje tunayasahau. Mtu wa Bamburi anayakumbuka kila anapotaka kuongeza chumba.

Labda ndiyo maana watu wa hapa hawaulizani sana asili. Mgiriama wa madafu, Mbajuni wa samaki, Mluo aliyeletwa na kazi ya kiwandani akazaa na kuzeeka hapa, Mmeru wa miraa, wote huitana jirani kabla ya kuitana kitu kingine. Hata wakimbizi wamewahi kuwa jirani zetu: miaka ya 1990 Utange, hapa karibu, ilikuwa na kambi ya Wasomali. Sisemi watu ni malaika. Wakati wa uchaguzi maneno ya mwenyeji na wa kuja hutoka, tena kwa ukali, na vijana wa mapanga wameitia Kisauni hofu zaidi ya mara moja. Ila Jumapili ukienda ufuo wa Pirates utawakuta wote majini, mama na buibui lake, mtoto na tyubu ya gari ya kukodi, ngamia akipita nyuma yao kwa maringo yake, na hutajua nani ni wa wapi.

Kuna jambo lililofanyika kwenye matimbo ya kiwanda ambalo nalirudia moyoni kila nikihisi nimechimbwa nikaachwa mtupu. Mwaka 1971 Mswisi mmoja, René Haller, alipewa kazi ya kuyarudishia uhai. Palikuwa jangwa jeupe, mwamba tu, na maji ya chumvi karibu chini yake. Akajaribu miti ya aina 26. Iliyostahimili ni mitatu: mvinje, mdamasi na mnazi. Mivinje ikakua, lakini majani yake makavu, membamba kama sindano, yakalala chini bila kuoza, na pasipooza kitu hapapatikani udongo. Aliyefungua njia alikuwa jongoo, yule mwekundu wa miguu. Anayala majani yale, na kinyesi chake kinakuwa mbolea. Wahenga walisema ukimtupa jongoo mtupe na mti wake. Bamburi jongoo wakaokotwa mashambani, wakaletwa kwenye mti.

Leo ni bustani yenye twiga na kiingilio, na habari za urafiki wa kiboko Owen na kobe Mzee zilizagaa duniani baada ya tsunami ya 2004. Hizo kila mtu anazijua. Mimi nabaki na jongoo. Tunaposali tuondolewe ukame wa moyo huwa tunangoja mvua, au malaika, au angalau shehe mwenye sauti nzuri. Haitupiti akilini kwamba jibu linaweza kuja likitambaa, na kwamba kazi yake ni kula yale yale makavu tuliyoyadondosha wenyewe.

Kiwanda nacho kimebadilisha mikono. Mwishoni mwa 2024 kilinunuliwa na Amsons wa Tanzania. Kumbe hata mwenye mtambo ni mpangaji.

Pwani tuna kawaida nyingine ya kale: ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi ulio juu yake ukawa wa yule. Wazee wa Utange bado wanapanda. Mnazi wa kienyeji huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa, na kesi ya shamba inaweza kuamuliwa mwezi ujao. Ukimuuliza mzee kwa nini basi anajisumbua, atakuuliza kwanza wewe hewa unayovuta umeinunua wapi, kisha atakutuma dukani ukamletee sukari.