Pumzi ya Jirani

Je, hewa iliyo ndani ya kanisa ni ya nani? Tumezoea kuulizana juu ya mpaka wa shamba, au juu ya mbuzi aliyekula mahindi ya mwenzake. Hewa hatuioni, haina mpaka, wala hakuna aliyeinunua. Hata hivyo tukikaa pamoja ndani ya chumba kimoja, kile kinachotoka kifuani mwa mmoja wetu huingia kifuani mwa mwingine. Basi katika jambo hili tunawiana nini?

Tuanze na yale yanayojulikana. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amemgundua mdudu aletaye kifua kikuu. Katika miaka ya 1950, mjini Baltimore, Marekani, Richard Riley na wenzake walichukua hewa ya wodi ya wagonjwa wa kifua kikuu, wakaipitisha kwenye mabomba hadi kwa simbilisi waliofugwa juu ya wodi hiyo. Simbilisi wale hawakuguswa na mgonjwa hata mmoja, lakini wakaambukizwa. Hewa peke yake ilitosha.

Tarehe 10 Machi 2020, katika wilaya ya Skagit, jimbo la Washington, wanakwaya 61 walikusanyika kwa mazoezi ya saa mbili na nusu. Mmoja wao alikuwa na dalili kama za mafua. Wenzake wengi waliugua UVIKO-19 baada ya hapo, hata idadi ya wagonjwa ikafika 53, na wawili wakafariki. Hakuna aliyetenda dhambi pale. Waliimba tu, kama tunavyoimba sisi.

Vijidudu vya namna hiyo havipimiki hewani kwa urahisi. Lakini kila mtu anapotoa pumzi hutoa pia hewa ukaa, na hiyo hupimika kwa kifaa kidogo kinachoshikika mkononi. Nje, chini ya mwembe, hewa ukaa ni sehemu kama 420 katika kila sehemu milioni. Katika pumzi tunayotoa ni kama 40,000. Kifaa kikisoma 1,600 ndani ya chumba, maana yake ni kwamba karibu sehemu tatu katika kila mia ya hewa tunayovuta zimekwisha kupita katika kifua cha mtu. Kikisoma 2,400, ni kama tano katika mia. Kipimo hiki hakisemi kwamba ugonjwa upo. Kinasema tu ni kwa kiasi gani tunavuta pumzi za wenzetu.

Wapo wapendwa watakaosema: tukipima hewa ya nyumba ya Bwana, je, hatujapunguza imani? Tuwasikilize, kwa maana wanalinda jambo jema. Hawataki kanisa ligeuke mahali pa hofu ambapo ndugu anamkwepa ndugu. Lakini tuangalie Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003 na kutuondolea taabu ya kungoja kivuko hapa Ndundu. Lina kingo pande zote mbili. Hatujasikia muumini akisema kwamba kingo zile ni dharau kwa Mungu atulindaye. Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, inamwagiza ajengaye nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, ili asije akabeba damu ya mtu atakayeanguka. Agizo hilo halimngoji mtu aanguke kwanza. Wala halimuulizi aliyeanguka kama alikuwa mwangalifu. Linamuuliza mwenye nyumba.

Hapo ndipo tunapoona tofauti kubwa. Kwa miaka mingi swali letu juu ya kifua kikuu limekuwa: nani anayekohoa? Swali hilo lina kazi yake, kwa sababu mgonjwa anahitaji kupimwa mapema, na matibabu yake nchini mwetu hutolewa bure. Lakini likiachwa peke yake huzaa aibu. Mtu hukoholea ndani ya kitenge, huficha, na mwishowe huacha kuja ibadani. Kipimo cha hewa huuliza swali lingine: nyumba yetu ikoje? Hakimtaji mtu. Kitabu cha Mambo ya Walawi kinajua maswali haya mawili. Sura ya 13 inamtuma kuhani amtazame mtu. Sura ya 14 inamtuma aitazame nyumba, kuta zake na mawe yake. Sisi tumekuwa hodari wa sura ya 13 na wavivu wa sura ya 14.

Tena, kupima si jambo geni katika bonde hili. Katika miaka ya mwisho ya 1990, mradi wa Wizara ya Afya na shirika la Kanada la IDRC ulianza kazi katika wilaya ya Rufiji na ya Morogoro Vijijini. Vifo vilihesabiwa kaya kwa kaya, visababishi vyake vikaulizwa, kisha fedha za afya zikapangwa kufuata maradhi yaliyokuwa yakiua watu kweli, malaria yakiwa mbele. Katika miaka mitano iliyofuata vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Waliohesabu hawakuwa na imani haba. Kuhesabu kulikuwa njia ya kusema kwamba kila mtoto aliyekufa alistahili kuulizwa amekufa kwa nini.

Lakini malaria hiyo hiyo ndiyo inayotuletea ugumu. Usiku wa mkesha tukifungua madirisha, mbu wanaingia. Tukiyafunga, tunavuta pumzi za wenzetu mpaka alfajiri. Haifai kuchagua kifo kimoja tukijisifu kwamba tumekimbia kingine. Nyumba za makuti za wazee wetu zilikuwa na uwazi kati ya ukuta na paa, joto na pumzi vikatokea hapo. Leo tunajenga kwa matofali, tunaziba juu kwa dari, na tunaweka madirisha ya kuteleza ambayo hata yakifunguliwa yote ni nusu tu iliyo wazi. Nyavu kwenye madirisha makubwa, matundu ya juu ya ukuta yenye wavu, mazoezi ya kwaya nje wakati wa mchana: haya yanawezekana. Yana gharama, ndiyo. Lakini usharika unaoweza kuchangia spika mpya unaweza pia kuchangia wavu.

Kifaa chenyewe si sanamu ya kuwekwa madhabahuni. Kimoja kinaweza kuzunguka kwa zamu katika sharika kadhaa, kikae katika ibada ya Jumapili, katika mkesha, katika chumba kidogo cha maombi ambako mara nyingi hali huwa mbaya zaidi. Kikishatuonyesha ni dirisha gani linalosaidia na ni saa ngapi chumba kinajaa, kiende kwa wengine. Na kama hatukipati, tusikifanye kisingizio. Mlango unafunguka bila betri.

Tunasoma katika Mwanzo kwamba mwanadamu alipata uhai kwa pumzi aliyopuliziwa. Hakujipulizia mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna mwenye pumzi iliyo yake peke yake. Ameipokea, na anaipitisha. Ndugu Mwislamu tunayebanana naye katika basi la kutoka Ikwiriri kwenda Mbagala anaipokea kutoka kwetu, nasi kutoka kwake. Bibi aliyekaa benchi la nyuma, ambaye kifua chake hakina nguvu tena, anaipokea kutoka kwa vijana wanaoimba mbele. Kaini aliuliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Nasi tunajibu swali hilo kila Jumapili, kwa namna tunavyojenga na kwa namna tunavyofungua.