Mafuta Kichwani, Fimbo Mkononi



Ni msimu wa kuvuna viazi hapa Keringet. Ukungu haujainuka bado kutoka upande wa msitu wa Mau na tayari watu wako shambani. Katika shamba moja kando ya barabara ya Olenguruone yumo kijana aliyerudi juzi kutoka Nairobi. Yeye anafukua, mama yake anaokota, gunia linajaa polepole. Simu yake ameifunga kwa kitambaa akaisokomeza ndani ya gambuti. Kila wakifika mwisho wa mstari hunyoosha mgongo, hufuta udongo kwenye suruali, huitoa, huitazama, huirudisha. Anangoja jibu la maombi ya ufadhili aliyoyatuma miezi kadhaa iliyopita.

Jirani anapita akiswaga ng'ombe. Baada ya salamu anauliza, "Na siku hizi uko na kazi gani?" Kijana anatabasamu. "Bado tunapanga-panga," anajibu. Mama anainama, anaendelea kuokota.

Kijana huyu hutengeneza filamu. Hana kampuni nyuma yake wala mshahara wa mwisho wa mwezi. Filamu yake fupi imeisha, inayofuata haijaanza, naye yuko katikati. Ningependa leo tukae naye hapo kidogo, maana wengi wetu tunapajua mahali hapo hata kama hatujawahi kushika kamera.

Tuanze kwa kuielewa kazi yenyewe. Sisi watazamaji hukaa saa moja na nusu, tukainuka, tukaenda zetu. Lakini anayeitengeneza hukaa nayo miaka. Sam Soko alimfuata Boniface Mwangi, mpiga picha aliyegeuka mwanaharakati, kwa miaka mingi kabla filamu yake, Softie, haijaonyeshwa katika tamasha la Sundance kule Marekani, Januari 2020. Maia Lekow na Christopher King walitumia miaka mingi pia na wanawake wawili waliojitwika kuifufua Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, mpaka filamu yao, How to Build a Library, ikaonekana mara ya kwanza mwaka 2025. Ndani ya miaka kama hiyo mna miezi isiyo na senti. Fedha za filamu haziji kwa mkupuo. Kuna za kuandaa wazo, kuna za kupiga picha, kuna za kuhariri, na kila fungu lina fomu zake, waamuzi wake, na barua pepe yake ya upole inayosema safari hii haikuwezekana. Kodi ya nyumba haisubiri fungu linalofuata, na ndiyo sababu ya kijana kuonekana huku.

Jirani hakuwa na nia mbaya. Huku kwetu kumuuliza mtu kazi yake ni kumjali. Lakini kwa aliye katikati swali hilo linagusa kidonda, kwa sababu tumezoea kumjua mtu kwa anachokifanya. Mwalimu ni mwalimu hata shule zikifungwa. Mkulima ni mkulima hata mvua ikikawia. Mtengenezaji filamu asiye na filamu ni nani? Usiku, katika chumba kile kile alichokulia, jambo hilo humnyima usingizi kuliko hata madeni.

Je, nawe umewahi kulala na swali la namna hiyo?

Twende pamoja Bethlehemu. Katika Samweli wa Kwanza, sura ya 16, nabii anafika nyumbani kwa Yese. Wana saba wanapitishwa mbele yake, kisha anaitwa yule mdogo, Daudi, kutoka malishoni, naye anamiminiwa mafuta mbele ya kaka zake. Tungetarajia kesho yake aamkie ikulu. Lakini mfalme Sauli anapotuma wajumbe kumtafuta, kijana yuko wapi? Yuko na kondoo. Amerudi kwenye kazi ya baba yake, mafuta kichwani, fimbo mkononi. Hata baada ya kuanza kumpigia mfalme kinubi, sura inayofuata inamwonyesha akienda na kurudi kati ya Sauli na kondoo wa Bethlehemu. Na ni huko malishoni alikopambana na simba na dubu, mahali pasipokuwa na mtu wa kumshangilia.

Ninapoisoma habari hiyo naona kwamba Mungu hakungoja Daudi apate cheo ndipo ampende. Upendo ulitangulia, tena kwa miaka. Mtu akilishika hilo, siku tupu haiwezi kumwambia kwamba yeye si kitu.

Na hapa Keringet tuna mfano wa karibu zaidi. Faith Kipyegon, binti wa vilima hivi, alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 kule Rio mwaka 2016, na mwaka 2017 akawa bingwa wa dunia jijini London. Mwaka 2018 akajifungua mtoto wa kike. Ukitafuta medali yake ya mwaka huo hutaipata. Mwaka 2019 alirudi akachukua medali ya fedha huko Doha, zikafuata dhahabu za Tokyo na Paris, na mwaka 2023 akaweka rekodi ya dunia ambayo aliivunja yeye mwenyewe mwaka 2025. Sikuahidi kwamba kila anayesubiri ataishia kwenye dhahabu. Wengi hawaishii huko, nami nawapenda sana hao. Nasema tu kwamba mwaka ule usio na medali ulikuwa na mtoto wa kunyonyeshwa, wala hakuna mzazi wa hapa atakayeuita mwaka wa bure.

Basi aliye katikati afanye nini kila siku?

Namfikiria Kisilu Musya, mkulima wa Kitui. Mwongozaji Julia Dahr kutoka Norway alimwachia kamera, naye akairekodi familia yake kwa miaka kadhaa, kiangazi kikiunguza mahindi na mafuriko yakija baadaye. Dhoruba iliharibu nyumba yake. Baada ya dhoruba alianza kuwakusanya wakulima wenzake ili wasaidiane kukabili hali ya hewa inayobadilika. Filamu yao, Thank You for the Rain, ilitoka mwaka 2017 na ikatazamwa katika nchi nyingi. Lakini kabla mgeni yeyote hajaiona, majirani wa Kisilu walikuwa wameshafaidi utumishi wake.

Huku kwetu kijana mwenye kamera hakai kijijini wiki mbili bila kuitwa. Leo ni koito, yaani sherehe ya posa, kesho ni harusi, kesho kutwa ni mazishi. Wengi wa rika lake huzipokea kazi hizi shingo upande, wakiona zinawapotezea muda wa kazi yao halisi. Naomba nikae hapa kidogo, hasa kwenye mazishi, kwa kuwa huko ndiko tunakokutana sana, mimi mchungaji na yeye mpiga picha.

Yule anayejali utamjua. Udongo wa kwanza unapoanguka juu ya jeneza, hamsogelei mjane na lenzi. Anarudi nyuma hatua mbili. Anarekodi mikono ya watoto walioshikana. Kisha anageuka, anamwona nyanya aliyekaa peke yake kwenye kiti cha plastiki chini ya mti, shuka mabegani, ambaye hakuna aliyemwita mbele. Anamrekodi huyo pia, kwa heshima, bila haraka. Mwaka ukipita familia inakusanyika kuitazama video ile, na nyanya naye ameshaondoka. Watoto wanaomba irudishwe nyuma. Pale kwenye kiti cha plastiki ndipo mahali pekee wanapoweza kumwona tena akitikisa kichwa kufuata wimbo.

Hakuna mfadhili aliyeagiza sura ya nyanya huyo. Alipatikana kwa sababu kijana mmoja, akiwa hana filamu, alikuwa bado ana macho yenye upendo.

Ziko na kazi ndogo kuliko hiyo. Kunakili picha kwenye diski ya pili kabla ya kulala. Kuandika ukurasa mmoja wa muswada stima ikiwepo, na ikikatika kuuendeleza kwa kalamu. Na kumpigia simu mtu aliyekuwa kwenye filamu iliyopita, kumjulia hali tu. Hili la mwisho nalithamini kuliko yote. Mtu alikufungulia mlango wake. Alilia mbele ya kamera yako, akakueleza mambo ambayo hata ndugu zake hawayajui. Filamu ikaisha. Alikuwa rafiki, au alikuwa mada? Wakati wa kazi si rahisi kujua, kwa sababu mapenzi na mahitaji hutembea pamoja. Miezi hii ambayo humhitaji tena ndiyo itakayojibu. Unaonaje, mpendwa, ukimpigia mmoja wao leo jioni?

Lakini kuna uchungu, nao hatuwezi kuupita kimya. Yuko aliyekuita kazini siku sita akakulipa mbili. Yuko aliyelisikiliza wazo lako kwa makini sana, na baadaye ukaliona limetoka kwa jina lake. Na yuko mwenzako mliyeanza naye, mtu mwema asiye na kosa lolote, ambaye leo jina lake liko kwenye bango la tamasha na wewe una udongo kwenye kucha. Mtu mwenye shughuli nyingi husahau mambo haya. Anayesubiri ana muda wa kuyarudia, na kila akiyarudia yanakuwa makubwa zaidi.

Kuhusu kubeba uchungu namkumbuka Judy Kibinge, aliyeongoza filamu iitwayo Something Necessary, iliyotoka mwaka 2013. Anne, muuguzi, amempoteza mumewe katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007. Mwanawe ameumia vibaya, shamba lake limeharibiwa. Joseph, kijana aliyekuwa katika magenge ya siku zile, anavutwa kwenye shamba la Anne akitafuta namna ya kutubu. Sisi wa hapa Kuresoi hatuhitaji kufafanuliwa habari hiyo. Moto ulipita huku mwaka 1992, ukapita tena baada ya uchaguzi ule wa 2007, na wapo kati yetu wanaochota maji mto mmoja na watu ambao hawajawahi kuzungumza nao juu ya usiku fulani. Ninachokiheshimu katika filamu hiyo ni kwamba haimharakishi Anne. Inamwacha aomboleze, ajenge, achoke, akasirike. Msamaha unaosukumwa haudumu, na mchungaji anayemsukuma aliyeumizwa humwongezea jeraha.

Kibinge mwenyewe aliwahi kufanya kazi ya matangazo ya biashara kabla ya kuingia kwenye filamu. Baadaye alianzisha Docubox, mfuko unaowasaidia watengenezaji wa filamu za hali halisi Afrika Mashariki. Mtu mwenye kipaji kama chake angeweza kutumia muda wake wote kuzitafutia fedha filamu zake mwenyewe. Alichagua kuwafungulia wengine mlango, na naona huo ni upendo wa hali ya juu katika fani ambamo kila mtu ana njaa.

Turudi kwenye uchungu wako, kijana wangu. Kumsamehe asiyekulipa si kunyamaza. Mwandikie. Taja kiasi, taja tarehe, piga simu kwa sauti ya kawaida, na ikibidi tafuta mzee wa kuwapatanisha. Kudai haki yako hakukuondolei neema. Kinachowekwa chini, polepole, ni ile hamu ya kumwona akianguka. Ukishindwa leo, jaribu tena kesho. Bwana hana haraka nawe. Na kwa yule mwenzako wa kwenye bango, mtumie neno fupi la hongera hata kabla moyo haujakubali wote. Hutakuwa mnafiki. Utakuwa umeutangulia moyo wako kidogo, na mara nyingi moyo huja nyuma.

Nigeukie sasa sisi tunaoishi naye. Tunaweza kubadilisha lile swali. Badala ya kuuliza ana kazi gani, tumuulize siku hizi anatazama nini, au ni hadithi ipi ya huku angetamani kuihifadhi. Tukae naye jioni moja atuonyeshe filamu yake fupi kwenye kompyuta juu ya meza, na tuitazame mpaka majina ya mwisho yapite, simu zikiwa mfukoni. Wazazi, najua mnaogopa. Mwambieni mwanenu hofu yenu kwa upole, naye atawaambia yake. Msimlinganishe tu na binamu aliyeajiriwa benki, kwa sababu analinganisha mwenyewe kila usiku.

Tena liko jambo lililo ndani ya uwezo wetu wiki hii. Wengi wetu tuliozesha au tulizika tukamwita kijana wa namna hii, tukamlipa nusu, tukasema salio litafuata. Yeye aliona haya kutukumbusha, maana sisi ni wazazi wake. Namba yake bado tunayo. Tumtumie kwa M-Pesa kabla ya ibada ya Jumapili, pamoja na pesa ya kutolea.