Weka Juu Kilicholowa

Watu wawili walifika Madina kutoka upande wa mashariki, wakahutubu, na watu wakastaajabia ufasaha wao. Mtume (s.a.w.) akasema kwamba katika ufasaha umo uchawi. Wanazuoni wakatofautiana. Wako walioona ni sifa, kwa kuwa maneno mazuri huuvuta moyo kwenye haki. Imam Malik, katika Muwatta, aliiweka hadithi hiyo kwenye mlango wa maneno yanayochukiza. Mimi nakula kwa kutunga matangazo, kwa hiyo tofauti hiyo inanihusu mezani kwangu kila siku.

Kazi zangu nyingi hapa Dar es Salaam ni za viwanja: Kigamboni, Chanika, Mkuranga, Bagamoyo. Mtu aliyepanga chumba Mbagala miaka nenda rudi akisikia “vimepimwa, hati ipo, jirani na lami”, moyo unamruka. Sioni dhambi hapo. Kiwanja kizuri kina haki ya kusifiwa, na mpangaji yule ana haki ya kuambiwa, kwa maneno yanayomgusa, kwamba naye anaweza kuwa na kwake.

Mteja mmoja aliniletea eneo ambalo upande wake wa bondeni maji hutuama kila masika. Picha zilipigwa Januari, ardhi kavu, nyasi zimefyekwa. Hakuniomba niseme uongo hata kidogo. Alitaka nitaje bei, hati, umeme na umbali, bonde nilinyamazie. Kila neno lingekuwa kweli. Je, mtu anaweza kudanganya kwa kweli tupu?

Naamini anaweza. Mtume alipita sokoni kwa muuza nafaka, akaingiza mkono ndani ya rundo, vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka juu watu waione, kisha akaonywa: “Mwenye kughushi si katika mimi.” Tazama vizuri: hatusikii kwamba mtu yule alitamka uongo wowote. Nafaka ya juu ilikuwa kavu kweli. Kosa lake lilikuwa katika mpangilio, na mpangilio ndiyo kazi yangu hasa: kipi kiende juu kwa herufi nene, kipi kishushwe chini, kipi kisomwe mbiombio redioni chini ya kivuli cha “vigezo na masharti kuzingatiwa”. Ndiyo maana neno kama “kabambe” halinitii hofu. Mnunuzi analijua, analipunguzia uzito mwenyewe. Tulichokinyamazia hawezi kukipima.

(“Vimebaki vichache, wahi!” wakati viwanja bado tele ni jambo jingine. Huo ni uongo, na kwangu ni ndugu wa najash, ile hila ya mnunuzi bandia anayepandisha bei, ambayo Mtume aliikataza.)

Wenzangu wa kazi hunijibu kwamba mnunuzi ana macho, aende akaone. Ataenda, lakini ataenda Jumamosi moja ya kiangazi. Anayeijua masika ya pale ni muuzaji. Fiqhi nayo haikumlaumu mnunuzi kwa kutoona: imempa khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha mali akikuta ila aliyofichwa. Mzigo wa kusema umewekwa kwa anayejua.

Tangazo nililomtungia mteja yule lilitaja bonde kwenye mstari wa pili, likaeleza kuwa viwanja vya huko vinauzwa kwa bei ya chini kwa sababu hiyo. Hakulipenda, akaipeleka kazi kwa mwingine.

Mwenzangu unayetunga matangazo, kabla hujaandika neno la kwanza, muulize mteja wako swali hili: mnunuzi akishahamia, atarudi kulalamikia nini kwanza? Jibu atakalokupa, liandike juu.