Sadaka Inayomfikia Mtoto Usiyemjua



Ikitajwa sadaka yenye kuendelea, akili zetu hukimbilia msikiti na kisima. Na ni haki yake: Sayyidna Uthman bin Affan, Mwenyezi Mungu amridhie, alikinunua kisima cha Ruma pale Madina akakifanya wakfu, watu wakateka maji bila kulipa. Leo nawaomba muitazame chanjo ya watoto kwa jicho hilo hilo.

Tangu mwaka 2000 upo mfuko wa kimataifa uitwao Gavi. Ulianza kwa dola milioni 750 zilizoahidiwa na taasisi ya Bill na Melinda Gates, serikali nyingi zikaongeza, na nchi zinazosaidiwa nazo hutoa fungu lao. Watoto zaidi ya bilioni moja wamechanjwa kwa njia hiyo, wa Kenya na Tanzania wakiwemo. Mama anayetoka kliniki bila kutozwa senti, chanjo ile ililipiwa na watu asiowajua. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba haitauchangia tena mfuko huo. Je, pengo hili halituhusu?

Wapo Waislamu walioitika wito wa chanjo hata kabla ya hapo. Mwaka 2013 Sheikh Mohamed bin Zayed wa Abu Dhabi aliahidi dola milioni 120 za kuitokomeza polio.

Lakini fedha haivuki mlango uliofungwa kwa hofu. Mwaka 2003 huko Kano, Nigeria, chanjo ya polio ilisimamishwa kwa uvumi kuwa inaharibu uzazi. Virusi vikasambaa hadi nchi zilizokuwa zimeshavisahau, na watoto wakapooza. Ilibidi masheikh na watawala wa jadi wasimame na wahudumu wa afya, nyumba kwa nyumba, hadi Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Msidharau neno linalotoka kwenye mimbari!

Hapa kwetu chanjo ni bure, ila bodaboda ya kwenda zahanati ina nauli. Na dozi ya pili ya surua, ya miezi 18, husahaulika mno, maana mtoto ameshaanza kukimbia na mama haoni tena sababu ya kliniki. Kwa hiyo nawaomba wanakamati wa msikiti: sehemu ya sadaka ya leo iwe nauli. Na kina mama, baada ya swala leteni kadi za watoto, tuzisome tarehe pamoja.