Bastola Chini ya Shati

Mzee wa Lamu au wa Maskati aliyejifunga jambia hakumficha mtu kitu. Kipini na ala yenye nakshi ya fedha vilionekana kabla hajatoa salamu, na aliyetaka kumfanyia ubishi alijua anabishana na nani. Bastola ya raia mwenye leseni haina uwazi huo. Hukaa chini ya koti, au chini ya shati lililoachwa nje ya suruali, na anayegombana naye kwa sababu ya nafasi ya kuegesha gari hana habari.

Kuificha kuna sababu zake: isiwatishe watoto, isimpe kibaka tamaa ya kuipora. Lakini humnyima mwenzio nafasi ya kujihadhari nawe. Hadhari yote, yako na yake, inakuangukia wewe. Wenye bastola hawapendi sana kulizungumzia deni hilo.

Nchini Kenya kubeba silaha ni ruhusa, na aliyeitoa anaweza kuichukua. Desemba 2018 Fred Matiang'i, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, aliagiza kila raia mwenye bunduki ahakikiwe upya. Marekani wamekwenda njia nyingine. Juni 2022 Mahakama ya Juu ilifuta sharti la New York lililomtaka mwombaji aonyeshe sababu ya pekee ya kutembea na bastola iliyofichwa, na leo zaidi ya nusu ya majimbo hayadai kibali kabisa. Sheria zinatofautiana, deni ni lile lile.

Anayewatetea wabeba bastola wa Nairobi huanza na shambulio la kigaidi la jumba la maduka la Westgate, na ana haki. Jumamosi ya 21 Septemba 2013, miongoni mwa waliotangulia kuingia kuwaokoa watu walikuwamo raia wachache wenye leseni pamoja na polisi wasiovaa sare. Abdul Haji, ambaye baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa, alikwenda na bastola yake baada ya kusikia kwamba ndugu yake amekwama ndani. Picha ya mtoto wa kike akimkimbilia ilizunguka dunia nzima. Watu 67 waliuawa katika shambulio lile, na sina shaka wangezidi kama watu wale wangebaki nje.

Ila jiweke upande wa aliyejibanza nyuma ya kaunta. Anamwona mwanamume asiye na sare, bunduki mkononi, anamwita atoke. Atajuaje ni wa upande gani? Hata wenye sare walichanganyana: afisa wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliuawa, na taarifa zikasema risasi ilitoka kwa wanajeshi. Ushujaa wa siku ile ulikuwa wa kweli, na ungeweza kwa urahisi kabisa kugeuka msiba mwingine.

Siku kama ile, tushukuru Mungu, wengi hawaioni maishani. Siku zinazobaki ni za msongamano wa Thika Road, matatu iliyokwangua kioo cha gari lako, baa, kesi ya shamba baina ya ndugu. Hapo wema wa mwenye bastola ni wa kujizuia tu. Aombe radhi hata kama hakukosa. Awe wa kwanza kuondoka. Asionje pombe. Asijinyooshe kivivu ili shati lipande na watu waone. Ni sharti gumu, maana mtu hutafuta silaha ili asionewe, kisha anatakiwa awe mpole kuliko wote waliomo chumbani. Asiyeweza kumeza tusi, na tuko wengi, hafai kuibeba, hata awe hodari wa shabaha namna gani.

Kama ningeketi kwenye bodi ya leseni, karatasi za shabaha ningeziweka kando kwanza. Ningemwita mke wa mwombaji, mlinzi wa getini kwake, na makanga yeyote aliyewahi kukosana naye kuhusu chenji, niwaulize mmoja mmoja, mwenyewe akiwa nje, ugomvi wao wa mwisho uliishaje.